Gesi Iliyobaki Ndani ya Magunia

Ungekwenda ghalani kwa Dena Mwambire umevaa buti za raba, angekutoa mbio, hata uwe nani. Mwaka mmoja alimtoa bwana mkubwa wa kutoka Mombasa, tumbo mbele na kalamu nne mfukoni, na makuli wakacheka mpaka wakatua magunia chini. Yule bwana alidhani amedharauliwa. Wapi! Gesi ya kuulia dumuzi wa mahindi hujipenyeza kwenye raba ikatulia humo, na mtu akishinda nayo miguuni, jioni huvua buti na ngozi ikaja pamoja na soksi. Dena mwenyewe alivaa viatu vya turubai vilivyotoboka mbele na nyuma, na saa yake ya mkono aliiacha nyumbani siku za kufukiza.

Alizaliwa Vitengeni, bara ya Kilifi, katika nyumba yenye mbuzi wengi kuliko sahani. Alisoma mpaka darasa la nne, akachunga, akachoka kuchunga, akateremka Kilifi mjini kubeba magunia ya korosho. Miaka minane alikuwa kuli. Angekuwa kuli mpaka leo kama si Musyoka, Mkamba mmoja mwembamba aliyejifunza kazi ya kufukiza bandarini, akaletwa kwenye ghala la Kilifi mwaka wa sabini na sita. Musyoka alisema anataka msaidizi asiyekunywa. Makuli wote wakamwonyesha Dena kwa kidole, na kila aliyeonyesha alikuwa anacheka, kwa sababu Mgiriama asiyeonja tembo la mnazi kwao ni kitu cha kuonyeshwa kwa tiketi.

Siku ya kwanza Musyoka hakumfundisha kufungua mtungi wa gesi. Alichukua kichujio kikuukuu cha kinyago, lile kopo linalofungwa mbele ya pua, akakipasua kwa kisu na kumwaga punje nyeusi juu ya gazeti.

"Haya ni nini?"

"Makaa," alisema Dena.

"Makaa ya nini?"

"Nitajuaje, Bwana Musyoka? Makaa ni makaa."

"Ya vifuu vya nazi."

Dena alicheka sana. Kwao vifuu ni vya kuchochea moto wa kukaanga dagaa, na hapa mtu mzima anamwambia kwamba ng'ambo vinatiwa kwenye kopo na kuuzwa ghali. Musyoka alimwacha acheke mpaka amalize. Kisha akamweleza kwamba vifuu hivyo huchomwa bila hewa, vikapulizwa mvuke kwenye moto mkali, mpaka kila punje ikawa na matundu ndani ya matundu. Punje moja, ungeweza kuikunjua yote, ungetandika nayo sakafu ya chumba. Gesi ikipita humo hunata kwenye huo uso. Haizami ndani ya makaa yenyewe, hukaa juu yake tu, lakini uso ni mwingi kiasi kwamba mtu hupumua hewa safi kwa muda. Nafasi zikishajaa, inayofuata hupita moja kwa moja kifuani. Kwa hiyo kichujio huandikwa saa kilipofunguliwa, na mtu asiyeandika humwandikia mkewe ujane.

"Sasa sikiza," alisema Musyoka, "kunata kuna namna mbili. Namna ya kwanza ni ya mgeni aliyeketi mkekani. Baridi ikiwapo anakaa raha mustarehe. Jua likimpiga, anainuka anakwenda zake, hakuacha kitu na hakuchukua kitu. Namna ya pili ni ya mtu aliyeoa hapo. Huyo jua halimtoi. Ukimtoa kwa nguvu, yeye si yule tena na nyumba si ile tena."

"Na gesi yetu ni ipi?"

"Yetu hufanya yote mawili. Nyingi ni mgeni. Kidogo huoa. Inategemea imekaa juu ya nini."

Ushahidi wa maneno hayo aliuleta Gitau, karani wa ghala, mtu wa Nyeri mwenye moyo mzuri na usingizi mwingi. Gitau alikuwa na mto wa manyoya ya kuku aliouficha nyuma ya meza kwa ajili ya saa saba mchana. Siku moja ghala likafukizwa na mto ukasahaulika ndani. Magunia yalipepewa siku mbili, gesi ikatoka yote, mahindi yakaliwa na hakuna aliyehisi kitu. Mto ukabaki unanuka uvundo wa kabichi iliyooza. Gitau aliuanika mwezi mzima juu ya mabati. Aliufua kwa sabuni, akaufua kwa ndimu. Makuli wakawa wakimwuliza kila asubuhi, "Karani, mke wako mpya ameamkaje?" Mwishowe aliutupa.

Musyoka alistaafu mwaka wa themanini na moja, akarudi kwao. Dena alikwenda kozi ya wiki sita, akarudi na cheti na taa ya kupimia iliyo yake. Taa hiyo ilikuwa ndogo, ya kushika mkononi, na mpira mwembamba uliovuta hewa mpaka kwenye ulimi wa moto. Juu ya moto palikuwa na pete ya shaba. Hewa ikiwa safi, moto haubadiliki. Gesi ikiwapo, moto hugeuka kijani, na ikizidi hugeuka buluu. Gesi yenyewe, waliyoiita bromidi, haina rangi wala harufu ya kukuonya, kwa hiyo ile taa ndiyo ilikuwa pua ya Dena. Aliifuta kila jioni, na Nyevu, mkewe, alikuwa akisema kwamba watoto wake hawajawahi kufutwa nyuso hivyo.

Ukaja mwaka wa themanini na nne. Mvua ya mwaka haikunyesha, na bara yote ya Kilifi ikawa vumbi. Vitengeni watu waliuza mbuzi, kisha wakakosa wa kuuzia, kisha mbuzi wakafa wenyewe. Mwezi wa kumi mahindi ya njaa yakafika ghalani, mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, magunia mia sita, na dumuzi wakitembea juu yake kama wenye mali. Yasingefukizwa, yangekuwa unga kabla ya kumfikia mwenye njaa. Dena akapanga magunia, akafunika kwa turubai, akazungushia mikanda iliyojazwa mchanga ili gesi isitoke chini, akafungua mitungi. Siku moja na usiku wake. Kesho yake alasiri akavua turubai na kufungua milango ili gesi ianze kutoka. Kanuni ilisema magunia yapepewe saa arobaini na nane, halafu yapimwe katikati ya rundo.

Jioni hiyo Nyevu, ambaye mwaka huo alikuwa Vitengeni na watoto, alifika kwa miguu. Walikuwa wanawake saba. Walikuwa wamesikia kwamba mahindi yapo, na walikuja kuhakikisha kwamba yataondoka, kwa sababu mwezi uliopita waliambiwa yapo na hayakuonekana. Wakalala kwenye baraza ya ghala. Dena alimletea mkewe chai na mkate.

"Watoto wanakula nini?" aliuliza.

"Mizizi," alisema Nyevu. "Na huo mkate nitaufunga niwapelekee, usiniambie nile."

Alfajiri Gitau alikuwa ameshafika, jambo ambalo halijawahi kutokea. Lori la dereva Fondo lilikuwa tayari mlangoni.

"Dena, hawa watu wamelala sakafuni. Yule mama mzee jana alikuwa anazoa vumbi la unga ofisini kwangu, analamba kidole. Sahihi yako tu ndiyo inangojwa."

"Kanuni ni saa arobaini na nane, Bwana Gitau. Hata kumi na sita bado."

"Kanuni iliandikwa na mtu aliyeshiba."

Hapo alisema kweli, na ndiyo shida ya maneno ya kweli. Dena akawasha taa. Akapita mlangoni, akapita kando ya kuta, akazunguka rundo lote la magunia kwa kimo cha bega. Upepo wa alfajiri ulikuwa unapita mlango kwa mlango, baridi. Moto haukubadilika. Alijua kwamba mpira ulipaswa kusukumwa mpaka moyo wa rundo, na alijua kwamba Musyoka hakuwahi kupima asubuhi pekee, alingoja mpaka jua lipate mabati. Yote haya aliyajua. Akatazama nje akamwona Nyevu ameketi, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, ule mkate umefungwa kwenye leso. Akatia sahihi.

Makuli wakapakia nusu ya magunia. Mahindi yangegawiwa kwa chifu huko Vitengeni, kwa hiyo wale wanawake walitaka kurudi na lori. Fondo akakuna kichwa. Njia ya Ganze ilikuwa na kizuizi cha polisi waliokuwa wakitafuta mahindi ya wizi, na lori la mzigo lilikatazwa kuchukua abiria.

"Wakitaka, walale chini ya turubai, na wafunge midomo," alisema. "Nikishikwa nao nimekwisha."

Makuli wakaacha uwazi kati ya magunia. Nyevu alipewa pahali pazuri kabisa, mbele, nyuma ya kichwa cha lori, palipozibwa na magunia pande tatu. Kabla ya kuinama aliuliza, "Baba Kahindi, humu hakuna ubaya?"

"Hakuna. Nimepima mwenyewe."

Na yeye Dena, kwa mkono wake, ndiye aliyevuta turubai na kukaza kamba, kwa sababu alikuwa fundi wa kufunga turubai lisipitishe kitu. Saa nne lori likaondoka.

Saa sita na nusu aliingia ghalani kufagia. Jua lilikuwa juu ya mabati na ndani palikuwa tanuri. Taa ilikuwa mkononi, akaiwasha kwa mazoea tu, akaipitisha kando ya magunia yaliyobaki. Moto ukageuka kijani. Akadhani ni macho yake. Akausogeza mpira kati ya gunia na gunia, na ule moto ukazidi, kijani kikaingia buluu. Akaweka kiganja juu ya gunia. Lilikuwa la moto.

Alfajiri gesi ilikuwepo, ila ilikuwa imeketi. Ilikuwa imenata kwenye kila punje ya mahindi na kila uzi wa gunia, kwenye baridi, imetulia, na yeye alipima hewa iliyopita mlangoni. Sasa joto limeiinua. Na kule njiani kuna magunia mia tatu chini ya turubai jeusi, juani, na kamba amezikaza yeye.

"Gitau!" Alipiga ukelele uliowafanya makuli wasimame. "Gitau, pikipiki yako! Nimeua watu!"

Gitau hakuuliza swali hata moja, na kwa hilo asamehewe usingizi wake wote. Walipanda wote wawili, Gitau akiendesha, Dena nyuma ameshika kisu cha kukatia magunia. Njia ya Ganze ilikuwa makorongo matupu. Njia nzima Dena alikuwa akisema "Mulungu wangu, Mulungu wangu", wala hakujua kwamba anasema kwa sauti.

Lori walilikuta kwenye kizuizi. Lilikuwa la tano katika mstari, limesimama juani kwa muda mrefu, limezimwa. Fondo alikuwa chini ya mti na sigara, na alipomwona Dena akamkonyeza anyamaze, kwa sababu askari alikuwa hatua kumi tu. Wale wanawake nao walikuwa wametii. Walikuwa wakijisikia vibaya kitambo, vichwa vinapasuka, mmoja ametapika kwenye leso yake, lakini waliambiwa wafunge midomo nao wakafunga, kwa sababu wangepiga kelele mahindi yangekamatwa na watoto wangekosa.

"Afande!" Dena alipaza sauti. "Kuna watu humo! Chini ya turubai kuna watu!"

Hakungoja jibu. Alikata kamba, moja, mbili, tatu, akaling'oa turubai. Wanawake wakaanza kutambaa nje, wengine wakianguka kwenye vumbi, wakitapika. Askari aliyekuja na rungu akaliweka rungu chini na kuanza kuwapokea. Dena akahesabu. Sita. Akapanda juu, akazuia pumzi, akatupa magunia upande, pale pahali pazuri. Nyevu alikuwa amejikunja, macho wazi. Alimvuta kwa makwapa mpaka kwenye upepo.

Gitau alikuwa bado na wale sita, na Nyevu alikuwa akimtazama Dena peke yake. "Mbona mko wawili?" aliuliza.

Wote saba walipona, kama kupona ni kutokufa. Wale sita walitoka hospitali ndani ya wiki moja. Nyevu alikaa wiki tano. Daktari alimwambia Dena kwamba gesi aliyoivuta ilitoka na pumzi yake kwa siku ya kwanza au ya pili, lakini sehemu yake ilikuwa imeungana na mishipa ya fahamu, na hiyo haitoki kwa kupepewa. Dena alielewa kuliko daktari alivyodhani. Ulimi wa Nyevu ukawa mzito. Mikono ikawa inatetemeka, haifiki inakotumwa. Alikuwa msuka makuti, mikono yake ilikuwa ikienda yenyewe huku anapiga soga, na sasa kikombe cha chai alishikiwa.

Gitau alikuja hospitali akamwita Dena pembeni. "Tuandike kwamba taa iliharibika. Taa haina watoto."

"Taa ilikuwa nzima," alisema Dena. "Niliipeleka pasipo na kitu."

Akaandika hivyo hivyo, kwa mkono wake, kwamba alipima hewa ya mlangoni asubuhi na baridi, hakupima moyo wa rundo, hakungoja. Akasimamishwa kazi. Magunia yaliyobaki aliyapepea Gitau siku nne nzima, na wenye njaa walimtukana siku zote nne.

Mwezi wa kwanza kikao kikawekwa palepale ghalani. Alikuja bwana kutoka makao makuu na kijana mwenye cheti kipya, aliyekwisha kuambiwa kwamba kazi ni yake. Maneno yalisomwa. Dena aliulizwa kama ana la kusema, akasema hana, yaliyoandikwa ndiyo. Yule bwana, kwa adabu tu, akamgeukia Nyevu, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha Gitau.

"Mama, wewe ndiye uliyeumia. Una neno juu ya mtu huyu?"

Nyevu alichukua muda, kwa sababu siku hizo kila neno alilisukuma. "Shikamoo, bwana. Ninalo. Mrudisheni."

Watu wakatazamana. Yule bwana akasema, "Mama, kwa kuwa ni mume wako, naelewa..."

"Huelewi," alisema Nyevu. "Nyumbani nitamsema mwenyewe, hiyo si kazi yenu. Nazungumza juu ya mahindi. Njaa haijaisha, magunia mengine yanakuja. Huyu kijana wenu ana cheti. Na Baba Kahindi alikuwa na cheti. Siku watu watakapolia mlangoni, kijana atawaonea huruma, atatia sahihi. Huyu hatatia. Hata nikisimama mimi hapo nje na watoto wangu, nikamlilia njaa, hatatia."

Yule bwana akaandika kitu, akakifuta, akaandika tena, kisha akamwambia kijana angoje nje. Dena alikuwa amesimama ukutani. Miezi mitatu hakuwa ametoa chozi, na sasa akalia mbele ya makuli, mbele ya Gitau, mbele ya kila mtu, mabega yakimtikisika. Nyevu akainuka kwenye kiti akaja, akanyoosha mkono amshike bega. Mkono ukapita pembeni. Akaunyoosha tena, ukapita tena. Mara ya tatu Dena akainama, akalipeleka bega chini ya mkono.